Kwaya Iliyochelewa Gizani: dakika tatu za Madama Butterfly nyuma ya jukwaa

Waulize watu waliowahi kuimba opera katika kwaya ya ridhaa wanakumbuka nini zaidi. Wengi hawaanzi na mavazi wala makofi. Wanaanza na korido: giza, mabega yaliyobanana, mtu mmoja amepanda juu ya sanduku anaongoza kwa mkono, na muziki unaosikika kwa mbali kama redio ya chumba cha pili. Aliyeimba Madama Butterfly ya Giacomo Puccini ataikumbuka korido hiyo kwa sababu ya wimbo mmoja usio na hata neno moja, ule unaoimbwa midomo imefumbwa, usiku ambapo Butterfly, binti wa Kijapani, mtumishi wake Suzuki na mtoto wanakesha wakimsubiri Pinkerton, mume wake Mmarekani aliyeondoka.

Wimbo wenyewe unachukua kama dakika tatu. Kwenye karatasi unaonekana mwepesi. Wanaoimba ni soprano (sauti za juu za kike) na tena (sauti za juu za kiume) tu, wote kwa tuni ileile, wale wa tena wakiwa oktava moja chini. Ufunguo ni Bb (B iliyoshushwa nusu toni), mwendo wa taratibu, sauti ndogo. Tuni yenyewe msikilizaji ameshaisikia muda si mrefu, konsuli Sharpless alipokuwa akijaribu kumsomea Butterfly barua. Lakini kwa kwaya ya ridhaa hizi ndizo dakika zinazoweza kuharibika vibaya kuliko zote katika opera hii, na sababu zake hazihusiani sana na uhodari wa waimbaji.

Opera hii ilipotolewa mara ya kwanza Milan, tarehe 17 Februari 1904, watazamaji waliizomea. Puccini akaifanyia marekebisho, na toleo lililoonyeshwa Brescia tarehe 28 Mei mwaka huohuo lilikuwa limeligawa tendo refu la pili vipande viwili, wimbo huu ukawa ndio mwisho wa nusu ya kwanza. Kwa mwanakwaya hilo lina maana moja: tendo linafungwa kwa sauti yako. Jukwaani watu watatu wametulia mbele ya ukuta wa karatasi wenye matundu matatu, kila mmoja na tundu la kimo chake. Hakuna anayetembea. Hakuna mwimbaji mkuu wa kukufunika. Ukumbi mzima unasikiliza kwaya isiyoonekana.

Kisa chenyewe

Kisa hiki tumekijenga kutokana na matatizo yanayojirudia katika kwaya za aina hii. Idadi na vipimo tumeviweka ili hesabu ifuatike.

Kwaya ina watu 34: soprano 14, alto 9, tena 5, besi 6. Okestra ina watu 30 na imekaa mbele ya jukwaa, chini. Kwa kuwa nyuma ya mandhari hakuna nafasi, kwaya inapangwa kwenye korido nyuma ya ukuta wa mwisho wa jukwaa, mita 22 kutoka kwenye kizimba cha kiongozi wa okestra. Kati ya korido na jukwaa kuna mlango wa mbao. Msaidizi wa kiongozi anasimama na kwaya, akitazama skrini inayomwonyesha kiongozi kupitia kamera ndogo iliyochomekwa kwenye kompyuta. Pembeni pana kinanda cha umeme cha kutolea nota ya kuanzia.

Chumbani kwa mazoezi wimbo ulikuwa safi kwa wiki nane. Kwenye zoezi la mwisho ukumbini, taa zikiwa zimewashwa, kiongozi alisema tu, "Wahini kidogo." Usiku wa onyesho mambo yakageuka. Tangu mstari wa pili kwaya ilikuwa nyuma ya okestra. Ndani ya kwaya penyewe tena waliokuwa karibu na mlango walitangulia, soprano waliokuwa mbele ya msaidizi wakafuata. Kiongozi aliyaona hayo akapunguza mwendo ili awasubiri, nao wakazidi kurudi nyuma. Wimbo ulioanza kwa mapigo 66 kwa dakika uliishia kwenye 54. Na ufunguo ulishuka: mwishoni kwaya ilikuwa karibu robo toni chini ya okestra, jambo ambalo hata asiyejua muziki analihisi, ingawa hawezi kulitaja jina.

Baada ya onyesho lawama zilikwenda kwa tena, kama kawaida, kwa kuwa ni watano na kila mmoja anasikika. Lawama hiyo si ya haki. Tukipiga hesabu tutaona kwamba waliotangulia ndio waliokuwa karibu zaidi na ukweli.

Mapigo yalipotelea wapi

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Mita 22 zinaichukua milisekunde 64. Mwimbaji wa korido anayefuata sikio lake anaisikia okestra ikiwa imechelewa milisekunde 64. Akiimba sawasawa kabisa na anachosikia, sauti yake nayo inahitaji milisekunde 64 nyingine kurudi mbele. Kiongozi anampokea akiwa amechelewa 128, na mwimbaji hajakosea chochote.

Sasa tazama skrini. Watu huamini kwamba picha haina kuchelewa kwa sababu nuru ina kasi. Nuru ina kasi, kompyuta haina. Kamera inanasa picha, inaibana, kompyuta inaifungua, skrini inaisafisha rangi kabla ya kuionyesha, na kila hatua inakula muda wake. Kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani si ajabu jumla ikafika milisekunde 150. Ongeza 64 za kurudi, unapata 214. Kwa mapigo 66 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 909, kwa hiyo kwaya inayofuata mkono inafika mbele ikiwa imechelewa karibu robo ya pigo.

Hapo tumehesabu taa zikiwa zimewashwa. Mandhari ya wimbo huu ni usiku: taa za jukwaa zinashushwa, na kwenye okestra zinabaki taa ndogo za kusomea nota. Kamera inayojirekebisha yenyewe ikikosa mwanga inafungua jicho kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha. Badala ya picha 30 kwa sekunde inatoa 15, au hata 10. Kwa picha 10, kila picha inakaa milisekunde 100 kabla ya inayofuata, na mkono wa kiongozi unageuka ukungu unaorukaruka. Kuchelewa kwa skrini kunapanda kutoka 150 hadi 220 au zaidi, na hapo hata pale pigo linapogusa chini hapaonekani vizuri. Hiki ndicho kilichotofautisha zoezi la mwisho na onyesho. Hakuna aliyeimba tofauti. Kamera ndiyo iliyobadilika, na haikumwambia mtu.

Sasa linaeleweka kwa nini kwaya ilipasuka ndani kwa ndani. Sauti ya okestra ilifika korido baada ya milisekunde 64, picha ya mkono baada ya 220. Walio karibu na mlango walisikia vya kutosha wakafuata sikio. Walio mbele ya msaidizi, mbali na mlango, walifuata mkono. Kati ya makundi hayo mawili kuna tofauti ya milisekunde 156, na hata kwaya iliyozoeana miaka kumi haiwezi kuiziba kwa kutazamana. Kuachana kwa milisekunde 20 au 30 sikio hulivumilia katika kundi kubwa. Kwa 156 unasikia kwaya mbili.

Halafu kuna jinsi Puccini alivyoandika okestra. Nyuzi zinadonolewa kwa vidole badala ya kupigwa kwa upinde, na nota iliyodonolewa ina ncha kali: inajulikana imeanza lini. Chini ya upinde mrefu na laini kwaya iliyochelewa inaweza kujificha. Juu ya mdonoo haijifichi. Isitoshe, wapiga fidla wa ridhaa wakidonoa huwa wanakimbia kidogo, kwa sababu kidole hakina uzito wa upinde wa kuwazuia. Okestra inasukuma mbele, kwaya inavutwa nyuma, kiongozi yuko katikati.

Kosa la kiongozi ni kusubiri. Lina huruma ndani yake, lakini ndilo lililomaliza wimbo. Aliposubiri, okestra ilipunguza mwendo, korido ikausikia mwendo mpya ukiwa umechelewa kama kawaida, ikapunguza zaidi, naye akasubiri tena. Kuchelewa kwa umbali hakuponi kwa kusubiri, maana umbali haupungui. Kiongozi lazima ashike mwendo wake kama hasikii kwaya kabisa, na kazi ya kutangulia ibaki korido. Hili lisemwe waziwazi kwa pande zote mbili kabla ya zoezi la kwanza ukumbini, na kiongozi akubali kwamba kwenye wimbo huu hatajibu lolote analolisikia kutoka nyuma.

Ufunguo ulishukaje

Hapa sababu ni nyingi, na kila moja peke yake ni ndogo.

Tuanze na kinanda. Kinanda cha umeme kikitoka kiwandani huwa kimewekwa nota A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Okestra hii ilijipanga kwa 442, kama okestra nyingi zinavyofanya. Tofauti ni senti 8 (nusu toni ina senti 100), yaani chini ya moja ya kumi ya nusu toni. Bb ya katikati ya soprano kwenye kinanda ni hezi 466.2, kwa okestra ni 468.3. Zikilia pamoja unasikia mtetemo wa mara mbili kwa sekunde. Kidogo, lakini kwaya ilipewa nota ya kuanzia ikiwa imeshapungua, na kwaya inayoanza chini haipandi yenyewe. Isitoshe ilikuwa saa ya pili ya onyesho na ukumbi umepata joto. Hewa iliyo ndani ya filimbi na klarineti ikipata joto ala hizo hupanda, kwa kukaribia senti 3 kwa kila nyuzi moja. Korido bado ina baridi. Kinanda kikawekwe 442 mapema, na zaidi ya hapo nota ya kuanzia isitoke kwenye kinanda ikiwa kuna njia ya kuichukua kwa okestra yenyewe.

Njia hiyo Puccini aliiweka. Ameandika viola d'amore ipigwe nyuma ya jukwaa pamoja na kwaya, ikifuata tuni yao. Ni ala ya zamani yenye nyuzi za ziada zinazovuma zenyewe chini ya zile zinazopigwa, na sauti yake inashikamana na mvumo wa binadamu kiasi kwamba msikilizaji haitambui. Kazi yake kubwa ni ukamba wa kushikia. Katika kisa chetu, kwa kuwa ala hiyo ni adimu, sehemu yake ilipewa mpiga viola ya kawaida. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba aliachwa amekaa na okestra, mita 22 kutoka kwa watu aliotakiwa kuwashika mkono. Aliyepanga viti aliiona ni sehemu ya viola kama nyingine. Kwenye karatasi ya mpangilio ni kosa la mstari mmoja, na kwaya ikaachwa bila kiongozi wa sauti.

Kisha kuna sikio la mtu anayevuma. Ukifumba midomo, sauti yako inapita kwenye mifupa ya kichwa na kukujaa masikioni kuliko ukiimba kwa mdomo wazi. Jaribu sasa hivi: vuma nota moja, kisha ifungue iwe "a" bila kuongeza nguvu. Utasikia chumba kinarudi. Mwanakwaya anayevuma kwenye korido amejifungia ndani ya kichwa chake, na kinachopenya mlango wa mbao ni sauti nzito tu, besi na selo, maana mbao huzuia sauti nyembamba zaidi. Fidla na filimbi, ambazo ndizo zingemwonyesha ufunguo, zimebaki upande wa pili. Mlango ulifungwa na fundi wa jukwaa kwa sababu nzuri kabisa: taa ya korido ilikuwa inamwaga mwanga kwenye usiku wa jukwaani. Alilinda giza. Hakuna aliyemwambia kwamba mlango huo ni sehemu ya muziki.

Uvumaji wenyewe nao ulikuwa na kasoro. Mtu asiyefundishwa akiambiwa afumbe midomo anabana na meno. Taya likibana, ulimi unapanda, koo linapungua nafasi, sauti inakuwa nyembamba ya puani na nota inazama. Mvumo mzuri una midomo inayogusana kwa wepesi tu, meno yameachana kiasi cha kidole kuingia, ncha ya ulimi imelala nyuma ya meno ya chini, na nyuma ya kinywa pako kama mwanzo wa mwayo. Dalili yake ni kwamba midomo inawasha kidogo, kama mtu aliyelamba ndimu. Isipowasha, sauti haijafika mbele.

Kwa kuwa mdomo umefungwa, hewa yote inatoka puani. Bana pua ukiwa unavuma, sauti inakatika palepale. Kwa hiyo mwenye mafua hawezi kazi hii hata kama koo lake ni zima, na msimu wa mafua ukiwakuta wanne kati ya soprano 14, afadhali wanyamaze au waimbe "u" kwa midomo iliyochongoka iliyobaki na tundu dogo kama la mrija. Kwaya nyingi huchanganya hivyo makusudi: theluthi moja wakiimba "u", mvumo unapata mwili na msikilizaji hajui. Ule mpando wa mwisho unaoipeleka soprano Bb ya juu ndio unaolazimisha uamuzi huu. Kuivuma nota hiyo kwa midomo iliyofumba kabisa, tena polepole, hata mwenye ujuzi huona taabu. Wachaguliwe wanne au watano wenye sauti nyepesi, wafungue "u" tangu nota mbili kabla, wengine wabaki kimya au oktava ya chini. Soprano 14 wote wakiikimbilia, utapata soprano sita na vilio vinane.

Kwaya yetu iliongeza tatizo lake kwa nia njema. Alto na besi hawana sehemu katika wimbo huu, na mwalimu hakutaka mtu asimame bure usiku ambao familia zimekuja. Akawaweka besi waimbe pamoja na tena, alto pamoja na soprano. Alto kwenye mistari ya chini wanasaidia sana na tungewabakisha hapo. Besi sita juu ya tena watano ni jambo jingine. Tuni inapanda hadi kule ambako besi lazima asukume au aingie sauti ya kike, na akisukuma kwa midomo iliyofumbwa anashuka. Wakiwa sita kwa watano, besi ndio waliokuwa wanaamua ufunguo wa tena.

La mwisho ni kusubiri. Kwaya ya Butterfly huimba tendo la kwanza pamoja na bibi harusi na ndugu zake, kisha inatoka. Baada ya hapo kuna duo ndefu ya mapenzi, mapumziko, na karibu tendo zima la pili bila kwaya. Zaidi ya saa nzima watu wamekaa, wamepiga gumzo la chinichini, wamekunywa soda baridi. Wanaingia korido wakiwa na sauti za asubuhi. Kwaya za ridhaa hujipasha sauti kabla ya pazia la kwanza na kudhani imetosha. Kwa opera hii kipasho cha muhimu ni cha pili, dakika 15 kabla ya wimbo, kwenye chumba cha mbali: dakika tano za mvumo wa ngazi ya nota tano kushuka, taratibu, kuanzia katikati ya sauti kupanda juu kwa nusu toni, basi. Wakitoka hapo wasizungumze.

Jumlisha yote hayo na usishangae senti 40. Kwa Bb ileile ni hezi 457.6 dhidi ya 468.3, mtetemo wa karibu mara 11 kwa sekunde. Huo ndio mkwaruzo ambao ukumbi uliusikia bila kujua ni nini.

Kuirekebisha kabla ya onyesho la pili

Tuseme kuna siku moja kati ya onyesho na onyesho. Kwanza kabisa hufundishi wimbo upya. Kwaya inaujua. Ukiwaita watu kuimba mara kumi zaidi chumbani, ambako kiongozi yuko mita nne na kuchelewa ni milisekunde 12, unazidi kuwazoesha kufuata, nao wanatakiwa kutangulia.

Kazi ya kwanza ni kupima. Weka simu kwenye kizimba cha kiongozi ikirekodi sauti. Mtu apige makofi pale kizimbani kwa mwendo wa metronomu, mapigo 60, mbele ya kamera, taa zikiwa za usiku kama za onyesho. Msaidizi aliye korido apige naye makofi akifuata skrini pekee, masikio yameziba. Fungua rekodi kwenye programu yoyote inayoonyesha mawimbi ya sauti, pima pengo kati ya kofi la mbele na la nyuma mara kumi, chukua wastani. Rudia msaidizi akiwa amefumba macho na kufuata sikio. Sasa una namba mbili za ukumbi wako mwenyewe, na mjadala wa nani alichelewa unakwisha hapo.

Skrini: ondoa kompyuta katikati. Kamera ya waya ya analogi inayoingia moja kwa moja kwenye skrini ina kuchelewa kudogo sana, ndiyo maana majumba ya opera yameendelea kuitumia muda mrefu baada ya picha za kidijitali kuenea. Kama haipatikani, zima urekebishaji wote wa picha kwenye skrini (televisheni nyingi zina mpangilio wa michezo ya video unaofanya hivyo), funga mwanga wa kamera kwa mkono badala ya kuiachia ijirekebishe, na mwekee kiongozi taa ndogo ya kumulika mikono. Ifunge fimbo yake utepe mweupe. Taa ya wati chache ielekezwe chini isimwage mwanga jukwaani.

Sauti: maikrofoni moja juu ya fidla za kwanza, waya hadi spika ndogo korido, kwa urefu wa masikio, ikielekezwa kwa waimbaji na mgongo wake kwa jukwaa. Umeme kwenye waya hauna milisekunde 64, kwa hiyo korido sasa inaisikia okestra karibu papo hapo, pamoja na fidla na filimbi zilizokuwa zimepotea mlangoni. Spika ya Bluetooth isitumike kabisa. Inaweza kuongeza kuchelewa kwa milisekunde 100 hadi 200, na utakuwa umelinunua tatizo ulilokuwa unalikimbia. Kiwango cha spika kiwe kidogo kiasi kwamba mtu akiacha kuvuma anaisikia vizuri, akivuma anaisikia kwa taabu. Ikizidi hapo inavuja ukumbini.

Mpiga viola ahamie korido, asimame bega kwa bega na msaidizi. Ajipange na okestra wakati wa mapumziko, kisha avuke nyuma na ala yake ndani ya kasha ili isipoe njiani. Yeye ndiye atoe nota ya kuanzia, kwa upinde mwepesi karibu na masikio ya waliosimama mbele. Kinanda kizimwe.

Mlango ubaki wazi. Zima taa ya korido, weka taa mbili ndogo za buluu sakafuni, na kila mtu aimbe bila karatasi. Wimbo usio na maneno hauhitaji karatasi, na aliyeinamia karatasi anaimbia kifua chake.

Mpangilio wa watu: tena watano mbele kabisa karibu na mlango, soprano nyuma yao kwa nusu duara, alto pembezoni. Besi wapumzike. Waambiwe kwa heshima na mapema, na waelezwe sababu. Kila mwimbaji apewe namba 1, 2 au 3, majirani wasiwe na namba moja, na kila namba ipewe mahali pake pa kuvuta pumzi, pasiwe mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari kila mtu anataka kupumua. Wakipumua pamoja, mvumo unakatika na ufunguo unashuka ngazi moja ndogo kila wanaporudi.

Halafu jaribu ukumbini mara tatu tu, simu ikirekodi kizimbani. Mara ya kwanza msaidizi apige mkono sawasawa na spika. Isikilize rekodi pamoja naye: kwaya itakuwa nyuma kwa milisekunde zile 64 za kurudi, labda na zaidi kidogo. Mara ya pili mkono wake ushuke kabla ya mdonoo, kiasi ambacho anahisi ni kukosa adabu. Rekodi itamwonyesha kwamba bado hajafika. Mara ya tatu kwa kawaida inakaa. Korido itasikika vibaya kwa walio ndani yake, kwaya mbele na okestra nyuma, na kuna mtu atasema, "Mwalimu, tunawakimbia." Waambiwe kabla kwamba kutokuwa sawa huko ndiko sawa kwa aliyekaa kwenye kiti. Msaidizi asiwe mtu anayeimba. Mtu hawezi kutangulia na kuvuma kwa wakati mmoja, mvumo wake mwenyewe unamrudisha.

Kuna jambo moja halitarekebishwa kwa siku moja, nalo ni okestra inayokimbia kwenye mdonoo. Kiongozi anaweza kuwaomba waweke kidole kwenye uzi mapema na kuutoa kwa nyama ya kidole badala ya ncha, na kuhesabu nusu pigo kimoyomoyo. Inasaidia. Haimalizi.

Na wimbo ukiisha, usiwaache watu waende kubadilisha nguo. Alfajiri ya sehemu inayofuata mabaharia wanasikika wakiitana kutoka bandarini, nayo ni kazi ya tena na besi nyuma ya jukwaa, korido ileile. Palipo na mapumziko katikati, weka jina la kila mmoja mlangoni na saa ya kurudi. Pasipo na mapumziko, besi waliopumzika wawe wameshasimama nyuma ya tena kabla mvumo haujaanza, kimya, viatu vimevuliwa, maana sakafu ya korido inalia na kwenye wimbo huu kila hatua inasikika mbele.